Mtungi Uliopoa Haujaisha

Tulipokuwa tukipika pilau ya maulidi hapa msikitini Miburani, moto ulififia ilhali mtungi wa kilo 15 ulikuwa bado mzito. Ubavu wake ulitoka jasho, baridi kama barafu. Mmoja wetu akaanza kuulaza; twashukuru tuliwahi kumzuia.

Gesi iliyomo ni kimiminika, nacho ili kigeuke mvuke hunyonya joto la chuma na la hewa. Jiko kubwa likivuta kwa kasi, mtungi hupoa na mvuke hupungua. Wapikao juu ya Kilimanjaro waijua shida hii: butani huacha kuchemka penye nyuzi 0, hali propani huendelea hata nyuzi 40 chini ya hapo. Mafia hakuna theluji, lakini sufuria la pilau la watu 100 latosha kuileta.

Basi tupunguze moto, au tuwe na mitungi miwili kwa zamu. Tusiupashe kwa makaa. Wala tusiulaze, kwani kimiminika kitapita mpirani na mwali utamrukia mpishi usoni. Regulata nayo huliwa upesi na chumvi ya bahari. Tuipake maji ya sabuni kila Ijumaa, na yakitokea mapovu tufunge mtungi, tufungue madirisha, mtu asiguse swichi.