Lori linapita Kirehe, kodi inabaki Kigali

WAFANYABIASHARA wa Biryogo wanaovuka mipaka kila wiki huuliza jambo moja: ikiwa wilaya zina fedha zao, mbona zile za mpakani, zinazobeba biashara yote, bado ziko nyuma ya Kigali?

Nionavyo mimi, tatizo ni aina ya kodi zilizogatuliwa. Rwanda ilipitisha sera ya kugatua madaraka mwaka 2000, na Januari 2006 wilaya 106 zikapunguzwa kuwa 30. Sheria inazipa kodi ya majengo na ardhi, kodi ya pango, ada ya patante na ushuru wa soko. Ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ni mali ya Hazina.

Chukua lori linalotoka Dar es Salaam na kuingilia Rusumo. Wilaya ya Kirehe inabaki na vumbi na foleni, forodha inakwenda Hazina. Mzigo ukifika Biryogo, mwenye duka analipa patante, mwenye nyumba analipa kodi ya pango, na zote mbili zinaingia Jiji la Kigali. Ni Kirehe hiyo hiyo iliyokuwa na kambi ya Kiyanzi, walikopokelewa ndugu zetu waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013.

Sheria ya 2018 iliruhusu kodi ya ardhi hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Ile ya 2023 ikaishusha hadi 80. Wenye viwanja Nyamirambo walishusha pumzi. Lakini Ngororero, ambako watu wengi wanalima vishamba vidogo vya milimani, ilikuwa na nini cha kutoza tangu mwanzo? Wilaya kama hiyo inaishi kwa ruzuku, na sehemu kubwa ya ruzuku hufika imekwisha pangiwa kazi. Mkurugenzi anakuwa karani wa malipo tu.

Wapo wanaosema wilaya ziachiwe zitoze zitakavyo. Hao waulize madereva wa Kenya. Huko kaunti 47 hupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na bado baadhi yake hutoza ushuru wa mazao njiani, kaunti baada ya kaunti. Anayeumia ni mchuuzi.

Mimi ningependa sehemu ndogo ya forodha ibaki wilaya ya mpakani, bila tozo mpya, ijenge maghala, vyoo na masoko yenye paa. Isiwe badala ya ruzuku, lakini. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Kama Gicumbi ingetegemea forodha peke yake, ingepitisha karibu miaka mitatu mikono mitupu. Na Ngororero, isiyo na mpaka na nchi yoyote, isingeambulia hata senti. Kwa hiyo ruzuku ibaki palepale, ila wilaya iachiwe kupanga yenyewe angalau robo yake.