Walikuja na Slaidi, Wakaondoka na Kazi Yetu

Kama umefanya kazi ofisini Nairobi miaka hii ya karibuni, unawajua. Wanakuja wawili watatu, viatu safi, laptopu nyembamba, na slaidi ya kwanza inasema akili unde imefika, mkichelewa mmekwisha. Bosi anaingiwa na baridi, na bosi akishikwa na baridi mkataba unasainiwa.

Kwetu walikaa wiki sita. Nilikuwa dawati la huduma kwa wateja kwenye sacco moja ambayo sitaitaja. Tukaambiwa tuandike kila swali ambalo wanachama huuliza na jibu tunalowapa. Tukaandika, tena kwa bidii, maana tuliahidiwa AI itatupunguzia kazi. Ikazipunguza kweli. Kandarasi yangu ilipoisha haikuongezwa, na boti niliyoifundisha ikakalia kiti changu.

Najua kuna mtu tayari ananiita mshamba. Boss, hata mimi naitumia AI. Nisichokubali ni huu udalali. Dalali wa ploti angalau hukupeleka ukaione ploti. Huyu anakuonyesha picha, anachukua chake, na mvua ikinyesha ukagundua ulinunua kinamasi, yeye yuko kwa mteja mwingine na picha ileile.

Kwa wiki zote sita, hakuna hata mmoja wao aliyevaa vile visikilizio vyetu akapokea simu kwa saa moja. Hawakujua kwamba mwanachama akiandika saa tano usiku, "niaje, hiyo doo imekwama wapi?", haulizi habari za akaunti. Yuko hospitalini, amesimama kwenye kaunta, mtoto hataruhusiwa kutoka mpaka bili ilipwe. Sisi tulijua tumpigie nani usiku huo. Jedwali lao lilikuwa na safu mbili tu, swali na jibu. Hilo tungeliandika wapi?

Na usidhani ni wadogo tu wanaoboronga. Mwaka 2025 Deloitte ya Australia ilikubali kuirudishia serikali ya nchi hiyo sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za Australia. Ndani yake mlikuwa na marejeleo ya maandishi yasiyokuwepo, na nukuu ya hukumu ambayo jaji hakuitoa. AI ilikuwa imetumika kuiandaa. Makosa yaligunduliwa na mhadhiri wa chuo kikuu, mtu aliyeisoma tu. Na ripoti yenyewe ilihusu mfumo wa kompyuta unaowaadhibu watu wasio na kazi wanaopokea msaada wa serikali!

Pesa nazo huenda wapi? Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50 kwa saa, kwa kazi ya kuchambua maandishi ya ukatili hapahapa Nairobi. Waliosoma huo uchafu walibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijitetea kwamba bei ile ilibeba gharama zote. Sawa. Mimi nimesoma hesabu za darasa la nne, na bado naona aliyekaa katikati.

Bosi, kabla hujasaini, mwambie mshauri akuonyeshe slaidi ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwanachama akinyimwa mkopo na mashine peke yake, ana haki ya kudai uamuzi uangaliwe upya. Nani ataangalia, na dawati lishafungwa? Halafu mwambie utamlipa boti ikimaliza mwaka mzima ikifanya kazi, si siku ya uzinduzi na keki. Uone kama atarudi.

Wanachama bado wananipigia kwenye laini yangu. Juzi mama mmoja wa Githurai ameniambia boti imemjibu "ombi lako limepokelewa" mara kumi na moja. Sina tena namna ya kuingia kwenye mfumo. Nimempa namba ya meneja, ile ya kibinafsi.