Alitaka Kupima Ng'ombe Wote, Serikali Ikamkataza

Ungeniambia kuna serikali iliyomkataza mfanyabiashara kupima nyama kwa pesa zake mwenyewe, ningesema hizo ni porojo za maskani. Lakini ndivyo ilivyokuwa Marekani.

Disemba 2003, ng'ombe mmoja jimbo la Washington aligunduliwa ana kichaa cha ng'ombe. Japani, ambayo tangu 2001 ilikuwa ikipima kila ng'ombe aliyechinjwa kwake, ikaifungia mlango nyama ya Marekani. Creekstone Farms, kampuni ya Kansas iliyokuwa ikiuza huko, ikaomba ipime ng'ombe wake wote. Mwaka 2004 Wizara ya Kilimo ikakataa, na baadaye ikajitetea kwa sheria ya 1913 ya chanjo na dawa za mifugo! Creekstone ikaenda kortini, ikashinda 2007, kisha Agosti 2008 korti ya rufaa ikaipindua hukumu, majaji wawili kwa mmoja.

Tuwe waadilifu, wizara ilikuwa na hoja. Kipimo huchukua kipande cha shina la ubongo, mnyama akishachinjwa. Ugonjwa nao hujificha miaka, na ng'ombe wengi wa nyama huchinjwa wachanga, kwa hivyo kipimo chaweza kusema hana ilhali anao. Kinga hasa ni kutomlisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa, na kuutoa ubongo na uti wa mgongo pale machinjioni. Moto wa jikoni hauuondoi, hata biriani ikeshe kwenye makaa. Sisi twasema nyama iwe halali na iwe twayyib: bismillahi ni ya mchinjaji, lakini ukaguzi una mwenyewe.

Nisipokubaliana nao ni hapa. Kama kipimo hakitoshi, mwambie mnunuzi hakitoshi, naye aamue. Mbona umfunge mikono anayetaka kupima? Kampuni kubwa za nyama hazikuficha: mmoja akipima, wateja watawadai wote wapime, na gharama ni yao.

Neno "nyama ni salama, tuaminini" limeshasemwa kabla. Mwaka 1990 waziri wa kilimo wa Uingereza, John Gummer, alisimama mbele ya kamera akimpa bintiye mdogo baga ale. Machi 1996 serikali yao ikakiri bungeni kwamba yumkini ugonjwa umewafikia watu kupitia nyama. Waliokufa Uingereza ni 178.