Kreki si Bure

Bibi yangu aliniimbia nyimbo za kulimia kwa saa tatu, tumekaa nje ya bani la tumbaku kule Urambo. Nilikuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Nikazihamishia sauti kwenye laptopu, nikakaa nazo miezi minne nikizisafisha kwa programu niliyopewa na rafiki kwenye flashi, pamoja na kreki yake. Asubuhi moja nikakuta mafaili yote yamefungwa, na ujumbe unaonidai dola. Kirusi kilikuja na kreki. Bibi alikuwa ameshazikwa. Nilibaki na dakika 40 ambazo sikuwa nimezifuta kwenye simu.

Kosa ni langu, sikuweka nakala. Ila ninyi mnaotengeneza biti kwa kreki na kucheka mtu akitaja Linux, nina neno nanyi. Mnasema ni bure. Nguo ya kuazima haisitiri matako, sembuse ya wizi.

Ubuntu Studio ipo tangu 2007. Ni mfumo endeshi huria ulioandaliwa kwa kazi za sauti, picha na video, na unakuja na Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti. Unachorekodi humo kinakaa kama mafaili ya kawaida ya WAV. Jinsi ulivyokata na kupanga imeandikwa kwenye faili la maandishi. Ardour ikifa kesho, kazi yako bado inasomeka. Hicho ndicho kipimo changu, wala si bei: miaka 20 ijayo, nani ataweza kulifungua faili hili bila kuomba ruhusa?

Najua mtakachosema. FL Studio haina toleo la Linux. Kweli. Plagini nyingi mlizozizoea nazo hazina. Kama unakula kwa kubadilishana projekti za FL na studio za Dar, nunua leseni, sina ugomvi nawe. Saundi kadi nyingine zitagoma. Tafuta isiyohitaji draiva yake maalumu. Lakini hoja kwamba haya mambo ni ya Wazungu na wajuaji siipokei. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hapakuwa na mwenye mali wa kupigiwa magoti.

Bando ni ghali, hilo nalo najua. Pakua mara moja chuoni, weka kwenye flashi, rudi nayo nyumbani likizo. Flashi iliyoniletea kirusi inaweza kubeba na hii.

Urambo bado wapo wazee wanaoimba. Hawatatusubiri tumalize kubishana.