Mwongozo Mmoja Watosha

Ofisi nyingi zina ugonjwa wa nakala. Mwongozo wa programu moja hutunzwa katika mafaili matatu: la watumiaji wa Windows, la watumiaji wa Linux na la mafundi. Kosa likisahihishwa katika faili moja, hubaki katika mengine mawili.

Dawa ipo tangu zamani. Novemba 1999, shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha XSLT, lugha ya kugeuza nyaraka za XML (maandishi yenye alama za muundo), iliyohaririwa na James Clark. Ndani yake mna vigezo, yaani thamani ambazo faili la mtindo, lenye maagizo ya kugeuza, huzipokea kutoka nje wakati waraka unapogeuzwa. Kigezo kikisema Linux, aya za Windows huachwa. Kisipotajwa, hutumika thamani ya msingi iliyoandikwa humo humo.

Mfano hai ni DocBook, mfumo wa kuandikia miongozo ya kompyuta. Mwandishi huweka alama kwenye aya inayohusu kundi fulani tu. Aya isiyo na alama ni ya wote. Anayechapisha hutaja kwa kigezo kundi analolitaka, na kitabu cha kundi hilo hutoka. Waraka wa asili hauguswi hata herufi moja.

Wapo wanaolalamika kwamba kujifunza haya kunachosha. Ni kweli, siku za mwanzo ni ngumu. Lakini kusahihisha kosa lilelile mara tatu ni kazi ngumu zaidi, na anayeumia ni msomaji aliyepewa maelekezo yaliyopitwa na wakati. Ofisi zinazotunza miongozo ziunganishe nakala zao sasa, na kazi ya kuchagua ziviachie vigezo.