Tofali Lenye Kiu



Kijana akitoka ku karyeri na kitu kidogo mfukoni, kwanza anatafuta parseli, kisha matofali. Ni vizuri. Lakini sikieni kosa langu, lisiwe lenu.

Tulijenga darasa moja upande wa Walikale, kule chini kwenye joto, wakati wa jua kali. Wamama walileta maji kichwani, bidoni kwa bidoni, na mto ni mbali. Mimi nikasema: matofali yamekwisha kuchomwa, maji ya nini tena? Tukayapanga makavu, saa saba ya mchana. Kesho yake mtoto akakwaruza ukuta na kidole, mchanga ukamwagika. Tulibomoa mistari mitano.

Mzee mmoja mwashi akaniambia: «Pasta, simenti haigumu kwa kukauka. Inagumu kwa kunywa maji.» Kumbe ni kweli. Tofali kavu linanyang'anya simenti maji yake, na jua linamaliza yaliyobaki. Basi tufanye hivi:

Matofali. Dondosha maji juu ya tofali la kuchoma. Likiyameza mara moja, lina kiu. Lizamishe ndani ya pipa mpaka mapovu yaishe, kisha liache lichuruzike. Likilowa sana juu, linateleza. Tofali bichi usilizamishe, litarudi kuwa udongo. Linyunyizie kidogo tu.

Mchanganyiko. Chukua mchanga safi, uliowekwa kivulini. Ndoo 1 ya simenti kwa ndoo 5 za mchanga. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji. Tengeneza kidogo, wa kuisha ndani ya saa moja, na uufunike. Ukianza kugumu, usiufufue kwa maji; hauna nguvu tena.

Kupanga. Anza asubuhi mapema mpaka saa nne, rudia saa tisa. Tandaza urefu wa matofali matatu ao mane tu, usiwaache mchanganyiko na jua wabaki wawili. Mstari wa jana uloweshe kwanza.

Kisha. Funika ukuta na majani ya migomba ao magunia yaliyolowa. Nyunyizia asubuhi na jioni, siku 7.

Ninyi wa Masisi msiseme, kwetu ni baridi. Upepo wa mwezi wa saba ku milima unakausha ukuta vilevile.

Siku ile nilifikiri nawahurumia wamama. Lakini tulipojenga mara ya pili walibeba maji mara mbili, na simenti, yenye kutoka mbali na bei kubwa, ilipotea. Watoto wanakaa chini ya ukuta huo kila siku. Tusiwajengee kwa haraka.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.