Kufa Utakufa: Takriri ya Kiebrania na Mhubiri wa Athi River

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wahakiki wa Kiswahili kuiona takriri katika masimulizi ya kidini kuwa ni ama masalia ya usimulizi wa mdomo, ama umaskini wa msamiati. Kwa mtazamo huo, mhubiri asimamaye nje ya malango ya EPZ Athi River wakati wa mapumziko ya mchana, akawaambia washonaji wa nguo kwamba Mungu alimwonya Adamu, "kufa utakufa", amekivuruga Kiswahili sanifu. Alipaswa kutumia kielezi "hakika". Hukumu hiyo ni ya pupa. Haina msingi katika Kiswahili, na katika Kiebrania haina hata kisingizio.

Matini ya Kiebrania ya Mwanzo 2:17 haina kielezi chochote cha uhakika. Ina mzizi mmoja uliotajwa mara mbili mfululizo, *mot tamut*: kitenzi-jina kwanza, kisha kitenzi chenye nafsi. Lisilotajwa na wahakiki hao ni kwamba aya iliyotangulia imejengwa vivyo hivyo: *akhol tokhel*, "kula utakula". Ruhusa na katazo zimeshonwa kwa uzi mmoja. Watafsiri wa Union Version ya 1952 waliifanya ya kwanza kuwa uwezo wa kula, na ya pili wakaitilia kielezi. Maana ya kila aya imesalimika; uwiano wake umepotea. Hasara haiishii hapo. Katika 3:4 nyoka analitwaa tamko lilelile la Mungu na kulitangulizia kikanushi, *lo mot temutun*. Uongo wake umeundwa kwa maneno ya Mungu mwenyewe, na asiyeusikia mwangwi huo hawezi kuuona ujanja wake.

Watetezi wa kielezi wanayo hoja moja ya kusikilizwa: kwamba muundo huu katika Kiswahili huashiria pingamizi. Asemaye "kusoma amesoma" humwacha msikilizaji akingojea "lakini". Ni kweli. Ila pingamizi ndilo hasa lililomo katika kisa: kula utakula, lakini ukila matunda ya mti ule mmoja, kufa utakufa. Kile wanachokiita kasoro ya Kiswahili ndicho kinachokifanya kiwe chombo kifaacho kuliko kielezi chao. (Kielezi chenyewe kimetoka Kiarabu, lugha ambayo nayo husisitiza kitenzi kwa jina la mzizi uleule.)

Mhubiri wa Athi River huenda hajui herufi moja ya Kiebrania. Hadhira yake inatoka katika lugha mama nyingi, muda ni mfupi, malori ya Barabara ya Mombasa yananguruma, na neno lisiporudiwa halifiki. Mazingira hayo yanafanana zaidi na yale ya msimulizi wa kale kuliko chumba cha mihadhara. Naye anapofika kwenye kilio cha Daudi, 2 Samweli 18:33, ambamo "mwanangu" hutamkwa mara 5 na jina la Absalomu mara 3 katika aya moja, haondoi hata moja. Mhakiki mwenye kalamu nyekundu angebakiza ngapi?